Laki Moja ya Mzee Révérien

Kumchagua Tumsifu awe mshenga lilikuwa kosa, na Ludovick alilijua hilo kabla kikao hakijapamba moto. Tumsifu ni mtu mwema, hilo halina ubishi, ila ana ugonjwa wake: akisikia bei lazima aishushe, hata ya fungu la bamia. Wiki nzima alikuwa amejigamba kwamba Warundi atawamaliza kwa mahesabu.

Ilikuwa Jumapili ya Agosti 2021, na Sydney ilikuwa imefungwa kwa korona. Ludovick alikuwa chumbani kwake Ingleburn, Tumsifu kwake Westmead, na Diane, binti aliyekuwa anaposwa, amekaa bega kwa bega na baba yake sebuleni Doonside. Polisi walizunguka mitaani kuuliza watu wanakwenda wapi, kwa hiyo posa ikabidi ipelekwe kwa Zoom. Mama Coletha, mama yake Ludovick, aliunganishwa kutoka Ngara, Tanzania, ambako ilikuwa bado asubuhi. Uso wake ulijaa skrini nzima, maana simu alikuwa ameishika kama anataka kuinusa.

Mzee Révérien, baba yake Diane, alikuwa ameishi miaka mingi katika kambi za wakimbizi Tanzania kabla ya kuletwa Australia. Watanzania hakuwapenda, na wala hakuficha. Mwaka mzima alikuwa amemkatalia binti yake, hadi akakubali kikao hiki kimoja tu. Kikiharibika, alisema, jina la Ludovick lisitajwe tena nyumbani kwake. Diane naye hakuwa mtu wa kuolewa bila baraka za baba. Alikuwa ameshamwambia Ludovick hivyo, akilia, na Ludovick alijua hatanii.

Muoaji hasemi neno siku ya posa. Ludovick alikuwa amezima maiki, ameinamisha macho, na shati limemganda mgongoni ingawa kulikuwa na baridi.

"Shikamoo mzee wetu," Tumsifu alianza vizuri. "Tumeona ua kwenye bustani yako, tumekuja kuliomba. Tuambie tu utaratibu."

"Marahaba. Mimi nitataja mara moja," alisema Mzee Révérien. "Franka laki moja. Ya Burundi. Ndiyo pesa niliyotafuta kwa ajili ya mama yake Diane."

Ludovick akaona vidole vya Tumsifu vikikimbia kwenye simu, kisha meno yakaonekana yote. Mwehu yule alikuwa amefungua programu ya kubadilishia fedha.

"Laki moja ya Burundi, kwa reti ya leo..." Tumsifu akacheka, hakuweza kujizuia. "Haifiki hata dola sabini! Mzee wangu, hapo hatupunguzi hata senti. Tumekubali. Nipe details zako nitume sasa hivi, deal done."

Diane akafunika uso kwa viganja.

Mzee Révérien hakupandisha sauti. "Wewe si mtu ya mahesabu? Angalia kwa hiyo mashine yako. Mwaka tisini na sita, franka moja ilikuwa inapata shilingi ngapi?"

Tumsifu alitafuta, na kicheko kikamkauka. "Karibu shilingi mbili, mzee."

"Voilà. Laki moja ilikuwa ng'ombe mbili. Niliibeba ndani ya soksi, nakimbia vita, nampelekea baba mkwe wangu ambaye alikuwa ametangulia kambini. Kufika mpakani, Mtanzania mwenzako akanipa nusu shilingi kwa franka. Nusu! Nikamwambia hapana, akasema basi rudi na pesa yako ulikotoka. Nyuma yangu kulikuwa risasi. Nilifika na shilingi elfu hamsini. Hata ng'ombe moja haikutosha. Concilie, mama yake Diane, alinikubali hivyo hivyo, lakini shangazi zake walimcheka mpaka anaingia kaburini, ati aliolewa robo bei. Leo nimetaja ile pesa nione, safari hii Watanzania mtanihesabia ngapi. Mmenihesabia dola sabini, na kicheko juu yake."

Akanyoosha mkono kufunga kompyuta. Diane alimshika kiwiko, mzee akauondoa mkono wa binti yake taratibu.

Ludovick akawasha maiki. Mila aliijua, lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Baba, naomba usifunge. Nisamehe nimesema bila ruhusa. Reti ya kwenye mashine ni ya mtu anayeweza kusubiri kesho. Wewe hukuachiwa kesho. Mimi sileti dola, wala shilingi, wala franka. Naleta ng'ombe wawili, kama wale wako. Wapo kwa mama, Ngara. Mpaka wa Burundi ukifunguliwa tutawavusha wafike kwenu."

Mkono wa mzee ulibaki hewani.

"Kwetu wapi?" aliuliza. "Watapokelewa na nani? Ndugu zangu waliisha wote, kijana. Pale kwetu hakuna mtu wa kushika kamba."

Ludovick alimtazama Diane, akamwona anainamisha kichwa. Alihisi anampoteza pale pale, kwa kosa la kutoa kitu chema kisicho na wa kukipokea.

"Mkwe mwenzangu," Mama Coletha akasema kutoka Ngara. "Ulivukia wapi?"

"Hapo hapo kwenu, mama. Kabanga."

"Basi nilikuona, hata kama sikukujua. Mlipita mlangoni kwangu siku nyingi. Na hao wabadilisha fedha tuliwajua kwa majina. Wengine walijenga nyumba za bati kwa pesa zenu, na sisi tukaenda kula harusi humo. Hatukusema kitu. Inaniuma. Ng'ombe wakae kwangu, lakini si wangu. Nitawatia alama yako. Watakachozaa ni chako. Mimi nitakuwa mchungaji wako tu."

Tumsifu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakutia neno.

"Nionyeshe," Mzee Révérien akasema.

Picha ikayumba: ukuta, mlango, matope, jua kali. Kisha wakatokea ng'ombe wawili, mmoja mwekundu, mmoja wa madoa, wanatafuna huku wanaitazama simu bila haraka. Mzee akasogea mpaka paji la uso likakaribia kioo. Akawaangalia kwa muda mrefu, mabega yakaanza kumtikisika, na hakujali nani anamwona.

"Diane," alisema, "njoo karibu. Hii ndiyo ile laki moja ya mama yako."