Unga Katika Saumu ya Darweshi

Mume wangu Darweshi, Mungu amrehemu, alikuwa akisagia watu mahindi pale Bondeni, miaka ile ya hamsini. Mwaka mmoja kifua kilimlaza Ramadhani nzima, hakufunga hata siku moja. Alipopona akawa anasema nitalipa kesho, nitalipa Ijumaa, mpaka Rajabu ikawa ukingoni na Ramadhani nyingine inabisha hodi. Siku zilizobaki zilimtosha kulipa, ila hazikuwa na nafasi ya kukosea.

Akaanza kufunga peke yake, na hapo ndipo unga ulipogeuka adui. Mashine ile ilirusha vumbi jeupe hadi darini. Darweshi akaona kila chembe inayompita kooni ni chakula, na siku hiyo imeharibika. Akachukua leso yangu, ile nyekundu ya harusi, akajifunga pua na mdomo. Mate nayo akaogopa kuyameza, akawa anatema nje ya mlango kutwa nzima kama aliyelishwa shubiri. Salamu haitikii. Wanawake waliokuja na madebe yao ya mahindi wakamwita bibi harusi.

Cherono ndiye aliyezidi. Alikuwa kibarua wa shamba moja nje ya mji, akija kwa miguu, mtoto mgongoni. Akamwuliza Darweshi pilau ya hiyo harusi italiwa lini. Darweshi akaishusha leso kidogo tu, akamwambia mbele ya watu kwamba yeye na ng'ombe wa bwana wake hawana tofauti, wote kazi yao kutafuna tangu asubuhi. Kisha akalisukuma debe lake nyuma ya mstari, akamsagia wa mwisho, jua limeshaegemea.

Jioni akanisimulia mwenyewe, huku akijisifu kwamba leo hakuna hata chembe iliyopita. Lakini zile siku za kwanza, kabla hajaikumbuka leso, zilimkosesha raha. Akasema atazirudia. Nikamwuliza atazirudia lini, ndani ya Ramadhani? Ndipo nikamwambia twende kwa Mwalimu Obeid, aliyefundisha madrasa nyuma ya nyumba yetu.

Mwalimu alisikiliza, akamweleza taratibu kwamba vumbi la unga ni sawa na vumbi la njia. Mtu hawezi kulikwepa, kwa hiyo halifunguzi. Mate yake mwenyewe nayo ameze tu. Siku zote alizofunga ni sahihi.

Darweshi akasimama kuaga. Alikuwa amerudia ujana, nawaambia.

"Mwalimu," nikasema, "umetupa habari ya kinachoingia mdomoni. Na kilichotoka je, kile alichomwambia Cherono?"

"Mama Safiyo," Darweshi akaniita, kwa sauti ya chini ya kunionya.

Nikaeleza yote, mpaka ng'ombe. Mwalimu akashika ndevu zake. Nadhani alikuwa akizuia kicheko.

"Saumu yako ni sahihi, Darweshi," akasema. "Huilipi tena. Lakini thawabu yake sijui kama imebaki, au umebaki na njaa tu. Na hiyo haina kadha, hailipwi kwa kufunga siku nyingine. Ina Cherono."

Juma lililofuata Cherono akaja na debe lake. Darweshi akamwita mbele ya wote, uso wazi, unga umemjaa hadi kwenye kope, akamwomba msamaha palepale alipomtukania. Walionisimulia wanasema Cherono alimtazama sana.

"Kumbe uko na meno, mzee," akamwambia. "Saga kwanza. Nikishapika nitakujibu."

Siku chache baadaye, adhana ya magharibi ilipolia, nikampa Darweshi tende na maji. Akakohoa, kikatoka kivumbi cheupe. Nikamwambia hicho kimeshasamehewa. Na Cherono?

"Amepita leo," akasema, akitazama kikombe. "Eti ugali ulikuwa na chenga. Nimsagie tena, laini, ndipo atafikiria."

Nikamwongezea tende.