Bibi wa Kimarekani wa Nyumba ya Pili

Bi Kheiria alianza kumshuku jirani yake kwa sababu ya sahani ya bokoboko.

Bibi yule, Marlene, alikuwa Mmarekani. Alihamia mtaa wa Al Khoudh, huku Uarabuni, pamoja na mwanawe aliyekuja kusomesha chuoni. Kheiria akampelekea bokoboko la moto, ngano iliyopondwa na nyama, kama anavyompelekea kila jirani mgeni. Marlene aliipokea sahani kwenye upenyo wa geti, akashukuru, akafunga. Jioni sahani ilirudi imeoshwa, lakini bokoboko lenyewe Kheiria aliliona kwenye pipa la taka la njiani, halijaguswa.

"Anadhani nimemtilia sumu?" alimuuliza mwanawe, Fahd.

"Mama, Wazungu hawalijui bokoboko."

"Usichokijua unauliza. Hutupi."

Tangu siku hiyo akawa anaangalia. Mapazia ya nyumba ile hayakufunguliwa mchana wala usiku. Marlene akitaka kuzungumza na Wilkister, Mkenya aliyekuwa akimhudumia, humtoa nje hadi bustanini, simu wakiziacha ndani. Gari ngeni ikisimama ng'ambo ya njia, pazia la juu husogea kidogo.

Kheiria hakupenda mambo ya kuchunguliwa. Alikuwa mtoto mdogo Unguja mwaka wa mapinduzi, siku jirani waliyekuwa wakifuturu naye alipowaonyesha watu wenye silaha mlango wao. Baba yake alitoka nao, asirudi. Sasa yeye mwenyewe alikuwa akisimama dirishani kila alasiri, na wala hakuona ajabu.

Siku moja alimkuta Wilkister dukani.

"Hebu mwanangu, huyo bibi wako anaogopa nini simu?"

"Sijui, Mama Fahd. Nilimuuliza, akaniambia niachane na hayo maneno."

Jibu lile likamzidishia shaka. Alimpigia binamu yake Sleyum, mwenye nyumba ile. "Hao wapangaji wako una hakika nao? Mie nna wasiwasi."

Sleyum hakungoja. Alikwenda akauliza kwa adabu: bibi alikuwa akifanya kazi gani kwao, nani huwatembelea, kwa nini wanajifungia.

Kesho yake asubuhi Wilkister alikuja kwa Kheiria na hasira usoni.

"Mama Fahd, ni wewe ulimtuma yule mzee? Bibi amefunga masanduku. Anasema wamemfuata mpaka huku."

"Nani hao?"

Wilkister akaketi, akamweleza aliyoyasikia usiku ule kutoka kwa Marlene, mambo ambayo hata mwanawe hakuwahi kuyajua. Marlene alikuwa na miaka minane wakati Marekani ilipoingiwa na hofu ya wakomunisti, kila mtu akimtazama mwenzake kwa jicho baya. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki katika mji mdogo. Marafiki walikuja kwake kupiga fidla, mapazia yakiwa wazi. Jirani mmoja, mama aliyezoea kuwaletea keki, akawaambia wakubwa wa serikali kwamba nyumba ile ina mikutano ya siri. Wanaume wawili wakawa wanakaa ndani ya gari ng'ambo ya barabara. Baba aliitwa atoe majina ya wageni wake. Alikataa. Akafukuzwa kazi shuleni, akaishia kuosha malori, na watoto wa mtaa wakakatazwa kucheza na Marlene.

"Sasa akiletewa chakula na jirani anatetemeka," Wilkister akasema. "Halafu anakuona kila siku pale dirishani."

Kheiria aliinuka. Kisha akajitanda mtandio, akatoka na Wilkister.

Marlene alifungua geti kidogo tu. Kheiria alizungumza Kiswahili, Wilkister akitafsiri.

"Mwambie ni mie. Mie ndiye niliyemwambia Sleyum. Hakuna serikali wala polisi. Nilimuogopa."

Marlene alimtazama usoni. Aliuliza kitu kwa sauti ndogo.

"Anauliza umemwambia nani mwingine."

"Mwanangu tu."

"Anauliza kama una hakika."

"Wallahi."

Marlene akashika ukingo wa geti. Maneno yalimtoka taratibu, na Wilkister naye akayatafsiri taratibu. "Anasema yule mama wa keki waliishi naye mtaa mmoja mpaka akafa. Kila siku alimngojea aje aseme ni yeye. Hakuja."

Kheiria alijawa na machozi. Akayaficha kwa mtandio. Alitaka kusema habari za baba yake, lakini hakujua aanzie wapi mbele ya geti, juani.

Marlene akarudi nyuma hatua moja, akampisha.

Ndani masanduku yalikuwa bado ukumbini, yamefungwa. Marlene alichagua kiti kinachotazama nje. Kheiria akakaa karibu na mlango, akauacha wazi. Wilkister akaenda kuchemsha chai.

"Mwambie," Kheiria akasema Wilkister aliporudi na chai, "sisi nasi tulikuwa na jirani."