Kijiko cha Bi Khole

Damu ilikuwa imegandia kwenye foronya ya Bi Khole, na Evodia aliisugua kwa maji baridi na chumvi. Foronya ilishatakata zamani. Aliendelea tu kusugua, maana akiacha angebaki hana la kufanya ila kuogopa.

Asubuhi ile bibi aliamka pua inamchuruzika, na damu ikakataa kukata. Hospitali waliuliza anatumia dawa gani. Raghad, bintiye, akataja vidonge vya moyo, vile vya kuifanya damu iwe nyepesi. Na nini kingine? Habasoda. Na nini kingine? Daktari akasema, kwa Kiingereza cha polepole ambacho hata Evodia alikishika, kwamba wakificha kitu mgonjwa atawafia mikononi. Ndipo Raghad akainamisha kichwa: labda ndani ya hiyo habasoda mna mafuta kidogo ya CBD, yatokanayo na mmea wa bangi.

Daktari alikunja uso. Mafuta hayo, alisema, hulizuia ini lisiivunje ile dawa, ikajaa mwilini, na damu ikashindwa kuganda. Tena katika nchi hii ya Kiarabu huhesabiwa bangi yenyewe. Hana budi kuwaarifu polisi.

"Nani humpa?"

"Mfanyakazi wa ndani," alijibu Raghad.

Wala hakusema uongo. Kila asubuhi kijiko kilikuwa mkononi mwa Evodia.

Lakini Evodia alikuwapo siku Raghad aliporudi na kichupa kutoka London. Ukiacha vidonge vya moyo anavyolazimishwa, Bi Khole hagusi dawa za Wazungu. Habasoda na asali ndiyo tiba yake, dawa ya kila maradhi ila mauti, kama alivyozoea kusema. Basi Raghad alikimimina kichupa chote ndani ya chupa ya mafuta ya habasoda, akaitikisa.

"Usimwambie. Haya hayana neno, Evodia. Hayaleweshi, hayaonekani hata ukipimwa. Kule yanauzwa pamoja na sabuni. Ni mmea tu, kama habasoda yenyewe. Mmea utamdhuru nani?"

Evodia aliamini. Mtu aliyesoma kiasi kile, na anayepewa ni mama yake mzazi! Goti la bibi likapata nafuu, au bibi mwenyewe alisema limepata.

Tena Bi Khole hakuwa mtu wa kunywa dawa peke yake. Cha kheri hakiliwi upweke, ndivyo alivyolelewa. Akishameza, hukijaza kijiko kile kile.

"Fungua kinywa, mwanangu. Huo mgongo wako unavolia ukiinama, nnausikia mpaka huku."

Evodia akafungua. Katika nyumba ile ana sahani yake na kikombe chake, vinakaa chini ya sinki visichanganyike na vya wenyewe. Kijiko cha bibi ndicho kitu pekee alichochangia na mtu. Angekikataaje?

Awadh, mtoto wa kiume wa bibi, aliingia jikoni Evodia angali akisugua foronya, na Raghad dada yake nyuma yake. Yeye ni mkubwa wa wizarani, mtu wa sauti ya chini.

"Ya Evodia, kaa."

Hajawahi kuambiwa akae. Akakaa.

"Sikiliza. Polisi wako njiani. Utasema chupa ile ni yako, dawa za kwenu. Wewe mgeni, watakurejesha Bukoba kwa wanao, khalas, yamekwisha. Mimi nkiguswa na jambo hili, kazi imekwenda. Na Raghad ndo kwanza kaposwa."

"Watanirudisha tu, baba? Hawatanifunga?"

Awadh alimtazama dada yake kwanza. "Inshallah hawatakufunga."

Evodia aliinua macho darini. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa juu, ndani ya kabati la Awadh, na ufunguo uko mfukoni mwa kanzu ya dishdasha iliyosimama mbele yake.

"Mimi nilimwona madam akimimina," alisema.

"Nani atakusadiki?" Raghad naye macho yalikuwa mekundu. Naye alikuwa akiogopa, na mwenye nguvu akiogopa hana huruma. "Watatupima mkojo sote. Mie sijayaonja hata tone. Wewe umeyanywa kila siku."

"Si ulisema hayaonekani?"

"Nlisoma hivo kwenye simu. Daktari anasema mengine yana bangi yenyewe ndani, na huonekana."

"Bibi ndiye alinipa!"

"Mkojo hausemi nani kakupa."

Evodia aliinuka. Akaenda bombani, akafungua maji, akachota kwa kikombe chake na kunywa, akachota tena. Alikunywa mpaka maji yakamtiririka kifuani. Wanawe wako kwa mama yake, na mdogo alikuwa hajaanza kutambaa alipoondoka. Alikunywa kama vile mtu anaweza kujisuuza ndani.

Simu ya Awadh ikalia mezani. Aliipokea upesi, kidole kikagusa spika, na jiko lote likamsikia Bi Khole, amechoka, anatweta kutoka kitandani.

"Awadh... Evodia yupo? Mwambie asiningoje mie. Mgongo utamrudia. Anywe kijiko chake, kama nnavompa siku zote."

Evodia aligeuka, kikombe kikamponyoka. "Bibi! Bibi, waambie! Waambie wewe ndo—"

Raghad aliiwahi simu, akaikata.

Kisha kengele ya geti ikalia. Awadh aliiweka sawa kofia yake, akatoka. Evodia alimsikia akiwalaki wageni kwa Kiarabu, salamu ndefu, heshima tele, akiulizia hata afya za wazazi wao. Kiarabu cha Evodia ni cha kazi tu. Katika maneno yote yale alilishika moja, maana ndilo aliloitiwa kila siku. Matbakh. Jikoni.

Raghad alikuwa amesimama kwenye sinki, amempa mgongo. Tangu Evodia aingie nyumba ile, hajamwona akiosha hata glasi. Sasa alikuwa akikisugua kijiko cha mama yake, kile cha vinywa viwili, ndani na nje, na bomba limefunguliwa mpaka mwisho.