Wembe Chini ya Mti Mama

Mpima miche alikuwa hajamaliza chai yake aliposikia kwamba shemeji yake ameingia msituni na panga.

"Katoka kabla jua halijachomoza," alisema mpishi wa kituo, akisugua sufuria. "Kasema anakusafishia, wageni wakija wakute panapendeza."

"Anasafisha wapi?"

"Si kule kwenye mti wako."

Kikombe kilibaki mezani. Mpima miche mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi ya kufyeka shemeji huyo, mume wa mdogo wake, na tayari kituoni walikuwa wamembatiza Wembe, maana alipopita yeye hata panzi hakupata pa kujificha.

Wageni wangefika asubuhi hiyohiyo kuamua jambo moja. Kama msitu huu, uliokatwa ukabaki kipara, unajirudisha wenyewe, utaachwa uendelee. Kama haujirudishi, utafyekwa wote, ipandwe miti ya mbao ya aina moja, mstari kwa mstari. Ushahidi wa mpima miche kwamba unajirudisha ulikuwa chini ya mti mama, mkongwe pekee wa aina yake ulionusurika misumeno. Msimu huu ulikuwa umezaa, miche ikachipua miguuni pake, na kila mche aliufunga uzi mwekundu kwa mkono wake.

Njiani alijipa moyo. Labda amesafisha njia tu. Labda panga limegoma kukata. Lakini njia ilikuwa imenyolewa pande zote mbili, na kadiri alivyokwenda, harufu ya majani mabichi ilizidi kuwa kali.

Chini ya mti mama palikuwa peupe. Palikuwa pamefyekwa, tena pamefagiliwa. Ufagio wa vijiti ulikuwa umeegemezwa kwenye shina.

"Umeona mambo hayo, shemeji?" Wembe alitabasamu, jasho likimtiririka. "Hapa mgeni akidondosha sindano anaiona bila kuinamisha shingo. Halafu shika na hizi. Sijui nani kazitupa huku, watu hawana adabu."

Akamkabidhi fungu la nyuzi nyekundu.

Mpima miche alizipokea. Akakaa chini palepale.

"Shemeji, vipi? Nimeharibu?"

"Nyuzi ni zangu. Nilizifunga kwenye miche."

Tabasamu lilimtoka Wembe polepole. "Ile iliyokuwa inafanana yote?"

"Hiyohiyo."

Inafanana yote. Maneno yale yalimkwama kichwani. Kweli ilikuwa ya aina moja, imesongamana kivulini mwa mama yake, na kila alipopita alikuta mingine imenyauka au imetafunwa na wadudu. Aliifunga nyuzi kwa kuwa ilikuwa rahisi kuiona, si kwa kuwa ingekua msitu. Hondohondo, wale ndege wa midomo mikubwa, walikula matunda hapa, lakini kokwa walikwenda kuziangusha kwingine, kwenye kichaka cha miba ambacho yeye alikuwa akikiahirisha kila siku.

Aliinuka ghafla. "Kile kichaka umekigusa?"

"Nimekianza kidogo. Nilikuwa napumzika nikakimalize."

Hakungoja asikie zaidi. Alipiga magoti, akapenya chini ya miba, ikamchana mikono. Pale panga lilipopita aliona visiki vibichi tu, vyembamba kama kalamu. Akasonga mbele, akipapasa majani makavu. Hakuna kitu. Akasonga tena.

Kisha akauona mche mmoja, majani mawili tu, bado umevaa ganda la kokwa kama kofia. Ulikuwa mtoto wa mti mama. Karibu yake palikuwa na mwingine, wa majani yenye vidole, na mwingine mwekundu kama kutu, na mwingine ambao hakuujua kabisa.

Mlio wa gari ulisikika ukipanda kilima.

"Shemeji," Wembe aliita kutoka nje, sauti imenywea, "nifanye nini?"

"Weka panga mbali. Ingia, unisaidie kufunga nyuzi. Ila usiweke goti kabla hujaangalia."

Wembe aliingia akihema, akitazama kila pa kuweka goti, yeye ambaye hakuwahi kulionea jani huruma.

"Hili?"

"Gugu hilo."

"Na hili hapa, chini yangu?"

Mpima miche aliinama, akatazama kwa makini. Wembe alibaki goti moja hewani, hathubutu kulishusha. Lango la kituo lililia kwa mbali, likafunguliwa.

"Usisogee," alisema, akichomoa uzi. "Usisogee hata kidogo."