Kichwa Kilichoitikia

Mchana usingizi ulimwangusha popote, usiku ukamkimbia mpaka majogoo. Ulikuwa mwaka wa sita. Daktari alimweleza kwamba hayo ni magonjwa mawili yaliyokutana, wala si uvivu, lakini daktari hakufika karakana ya useremala kuwaambia wenzake. Huko walimwita Popo. Tajiri alimtoa kwenye msumeno wa umeme akampa msasa, maana msasa haukati mtu kidole.

Mkewe alikwishafariki. Alibaki na binti wa miaka tisa, vyumba viwili, na sufuria lililoungua mara nyingi mno. Mara ya mwisho moshi ulitanda hadi jirani akavunja mlango, akamkuta mtoto anamtikisa baba yake kama gunia.

Habari hazina miguu lakini zinafika. Shemeji yake, dada wa marehemu, akatuma neno: Jumapili saa nane tunakuja, tuzungumze juu ya mtoto.

Popo alijua maana yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikaa chali, macho makavu, akiyapiga randa maneno yake. Nitasema hapana. Nitasema jirani amekubali kukaa na mtoto jioni. Nitasema mtoto huyu ndiye mtu pekee anayeniamsha bila kunicheka. Kulipopambazuka, hotuba ilikuwa imenyooka, haina fundo.

Walikuja watatu: shemeji, mumewe, na mama mkwe. Chumba kikapata joto. Shemeji alianzia mbali, kwa adabu, habari za shule, habari za moshi, kwa ile sauti yake laini. Popo akajiuma ulimi. Akajifinya paja.

Aliposhtuka, mama mkwe alikuwa anajifuta machozi, na mtoto amesimama mlangoni, mkoba wa shule mgongoni.

"Tunashukuru, ndugu yangu," alisema mume wa shemeji. "Nilidhani utaleta ubishi. Kumbe u mtu mzima."

"Ubishi wa nini?"

"Wa mtoto kuja kukaa kwetu. Tumekuuliza mara mbili, mara mbili umeitikia kwa kichwa."

"Nilikuwa nasinzia."

Yule bwana akacheka, akidhani ni mzaha. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Unasinzia," shemeji alisema polepole, "na tunamzungumzia mwanao."

"Sasa niko macho, shemeji. Nasema hapana."

"Sasa uko macho, ndiyo. Saa kumi utakuwa wapi?"

Akaitafuta ile hotuba. Lilitoka neno la jirani peke yake, nalo lilitoka limepinda.

"Mwanangu, hatukuchukii," mama mkwe alisema. "Tulikuja kuuliza kama unaweza. Umeshatujibu."

Binti akamsogelea, akamrekebishia kola ya shati.

"Mimi nilikuona ukikubali, baba. Nikajua unataka niende."

"Sikutaka."

"Ungeniambia nikae karibu. Ningekufinya."

Hilo hakuwa amelifikiria, usiku mzima.

Kikao kilichukua dakika arobaini. Yeye alihudhuria kumi. Kilimgharimu mwanawe, siku sita katika kila saba. Jumapili wanamleta saa nne asubuhi, wanamchukua saa kumi jioni. Hizo ni saa sita. Jumapili ya kwanza, katika hizo sita, alilala mbili na nusu.