Pumzi ya Abshiro

Haya nilisimuliwa na Fosia, binti wa ndugu yangu, Ijumaa iliyopita, alipofika Garissa kutoka upande wa Buna mkono umefungwa bendeji.

Asubuhi ya shambulio, yeye na watu wa mumewe walikuwa wanapakia kuhama. Wezi wa ngamia wakaingia wakipiga risasi. Kulow, mchungaji wao, risasi ilimpata shingoni, akaanguka juu ya maziwa aliyokuwa akikama. Watu wakatawanyika vichakani, watoto wa Fosia wakiwa nao. Fosia akamshika mama mkwe wake, Abshiro.

"Kimbia, eedo!" Ndivyo anavyomwita, shangazi, kwa heshima.

Abshiro alikimbia kidogo tu, akainama, mikono magotini, midomo imegeuka rangi. Tangu usichana wake anafukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa kuni ndani ya kibanda, na mapafu yameharibika. Nesi Mwende wa zahanati alishawaeleza: njia za hewa zimekuwa nyembamba. Akikimbia, hewa ya kwanza haijatoka, anavuta nyingine, kifua kinajaa, mpya haina pa kuingia. Miguu nayo inalegea. Si uvivu.

"Niache," akasema, neno moja kwa pumzi moja. "Una. Watoto."

"Nyamaza, eedo, utamaliza hewa."

Hapo Fosia akakosea. Akampandisha juu ya ngamia wa mizigo aliyekuwa amepiga magoti, akamwinua. Ngamia wa mizigo akiinuliwa hulia dunia nzima isikie, nani hajui? Hofu ilimsahaulisha. Ngamia akalia.

Mwizi mmoja akarudi na panga.

"Shuka, ayeeyo! Shuka, bibi!"

"Ngoja. Nipate. Pumzi."

"Utaipata kaburini!" Akamvuta mguu, akamwangusha chini, akainua panga. Fosia akatanguliza mkono. Panga likafika mfupa. Kwa mkono mwingine akachomoa mchi wa kutwangia kwenye mizigo, akampiga usoni, akasikia taya likivunjika. Akapiga tena. Akapiga mpaka yule mtu hakuinuka tena. Wenzake walishaondoka na ngamia wengine.

Abshiro akararua shashi yake ya kichwani, akamfunga mkono.

"Damu yako. Inakimbia. Kunishinda."

Ngamia wa mizigo alishatoroka, wakatembea, wakisimama, wakitembea. "Toa kwanza," Fosia akamwambia, "kama unapuliza chai. Toa yote, ndiyo uvute."

Gari la jirani likawakuta njiani. Abshiro akilazwa chali anakabwa, kwa hiyo akaegemezwa magunia, akasinzia ameketi. Fosia, damu imeloweka gauni, hakufumba macho. Alisikiliza kile kifua mpaka kikatulia, akaegemeza kichwa pajani kwa Abshiro, na yeye akalala.