Mgeni Rasmi na Ukungu wa Nyanya

Umande haujakauka, Mama Kamba akageuza jani la kwanza na kulaani kimoyomoyo. Juu lilikuwa na doa la kahawia, ukingo umelowa kama karatasi iliyodondokewa mafuta. Chini, unga mweupe. Bakajani, ule ukungu unaoua nyanya na viazi.

Walimwita Mama Kamba kwa jinsi alivyofungia kila mche wa nyanya kigingi na kamba, hakuna jani linalogusa udongo. Mwaka huu nyumba nzima ilikuwa inazitazama nyanya hizo tu, na ndiyo kwanza zimeanza kuiva.

Kwa alivyoona, ugonjwa ulikuwa umegusa mstari mmoja, ule uliopakana na shamba darasa la serikali. Akaung'oa wote, akiishusha miche guniani taratibu kama mtu anayebeba mayai, unga usije ukapeperuka. Kisha akaruka uzio.

Bwana Shamba alikuwa amechuchumaa kwenye viazi vya shamba darasa, ananyofoa majani yenye madoa, moja moja, kama mtu anayemng'oa mvi bwana harusi mzee.

"We baba, unafanya nini?"

"Mgeni rasmi anakuja kuzindua leo, mama. Lazima akute kijani."

"Si wewe uliyetufundisha? Ukiona unga chini ya jani, ng'oa, fukia, usingoje kesho?"

"Ndiye mimi."

"Basi ng'oa!"

"Nikiving'oa azindue nini, udongo?" Akajifuta uso kwa fulana mpya iliyoandikwa kifuani ZUIA UKUNGU. "Dawa ya kinga niliiomba kabla ya mvua. Wakaleta fulana, turubai na spika."

"Na fulana inapuliziwa wapi? Juu ya jani au chini?"

Akanyofoa jani jingine. Kijana wa watu hakuwa mjinga. Alikuwa ameajiriwa tu.

Na wala haikuwa mara ya kwanza. Bomba la maji lilizinduliwa hapo hapo, likatoa maji yaliyokuja na gari, utepe ukakatwa, makofi yakapigwa. Mpaka leo wanaozaliana humo ni mijusi.

Mama Kamba akachomoa mundu.

"Mama, nitafukuzwa kazi!"

"Waambie ulinikataza. Mimi nitasema sikusikia."

Akafyeka mashina ya viazi, akang'oa na nyanya za maonyesho zilizokuwa pembeni yake, akachimba shimo refu akafukia. Bwana Shamba alikuwa amempa mgongo, anahesabu viti alivyokwisha kuvihesabu.

Manyunyu yalikuwa yameanza bosi wake aliposhuka garini, mbele ya msafara wa mgeni rasmi. Akaona matuta matupu, akafura. Halafu macho yake yakavuka uzio.

"Zile nyanya za nani?"

"Za huyu mama, mzee."

"Hamisheni bango la uzinduzi."

Uzio ulilala chini kabla Mama Kamba hajafika. Bango likachimbiwa katikati ya miche yake, na msafara ukaingia kwa viatu vilivyotoka kukanyaga mabaki ya shamba darasa, huku mikono ikipapasa jani hili na lile.

"Jamani, tokeni! Majani yamelowa, mnausambaza!"

Bibi mmoja wa itifaki akamtupia fulana begani. "Piga makofi, mama. Shamba lako limepata bahati."

"Bahati gani ya kukanyagwa?"

Spika ikammeza. Mgeni rasmi alikuwa ameshika jani moja, amelielekeza kwenye kamera.

"Ndugu zangu, huu ndio ushindi dhidi ya ukungu!"

Mama Kamba alikuwa amechuchumaa kuinua mche uliovunjwa. Kutoka chini hapo aliona upande ambao kamera haikuuona. Ulikuwa na unga.

"Geuza jani, mheshimiwa."

Makofi.

Akasimama, akapaza sauti mpaka ikakwaruza. "Geuza hilo jani!"

Bwana Shamba akainamisha kichwa. Mgeni rasmi akadhani anashangiliwa, akampungia mkono. Kisha akaliachia jani, akatazama vidole vyake vilivyolowa, akavifuta kwenye mche uliofuata.